Kanda Maalumu: Kulegeza Kodi au Kulegeza Kanuni?

Kanda maalumu ya kiuchumi, yaani eneo lililotengwa ambamo biashara hupewa masharti tofauti na ya kwingine nchini, ikitajwa jijini Nairobi, swali la kwanza huwa ni kodi. Ndivyo sheria zetu zilivyoandikwa: kampuni iliyo katika kanda ya bidhaa za kuuza nje, kama ile ya Athi River, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 chini ya sheria ya 1990, na iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kanda Maalumu za Kiuchumi ya 2015 hutozwa asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Misamaha hii humfaa zaidi mwenye mtaji mkubwa na faida inayoweza kutozwa kodi. Mfanyabiashara mdogo wa mashambani hukwama kabla hajafika huko, kwenye vibali.

Japani ilijaribu njia nyingine. Sheria ya mwaka 2002, wakati wa Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, iliiruhusu miji na vijiji kuomba kanuni fulani ya taifa ilegezwe katika eneo lao tu, bila ahadi ya ruzuku wala punguzo la kodi kutoka serikali kuu. Mji wa Tono, mkoani Iwate, uliomba jambo dogo mno. Doburoku, pombe ya mchele isiyochujwa, ilihitaji leseni ambayo hakuipata mtu asiyeweza kutengeneza angalau lita 6,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima mwenye nyumba ya wageni hawezi kukimaliza. Ndani ya kanda sharti hilo liliondolewa kwa mkulima anayetumia mchele wake mwenyewe na kuwauzia wageni wake. Kodi ya pombe aliendelea kuilipa kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba mgeni alipata sababu ya kulala Tono, na mchele ukapata soko palepale ulipovunwa.

Jambo ninaloliona kuwa la msingi zaidi ni kwamba kanda hizo zilikusudiwa kuwa majaribio: kanuni iliyolegezwa ikichunguzwa na kuonekana haikuleta madhara, ilegezwe nchi nzima.

Ningependa kaunti zetu zipewe mlango kama huo, ingawa binafsi nisingeanzia kwenye pombe, kwa kuwa tumezika watu wengi mno waliokunywa pombe iliyotiwa kemikali. Ningeanzia Makueni, kwa kikundi kinachokausha maembe, ambacho hutakiwa kuwa na leseni ya biashara ya kaunti, idhini ya maafisa wa afya na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kaunti ingeomba ukaguzi huo wote ufanywe kwa ziara moja na kwa ada moja, kwa muda uliowekwa, huku usafi na usalama wa chakula vikibaki vilevile.

Hatari yake ni upendeleo. Mwaka 2017 Bunge la Japani liligubikwa na mabishano kuhusu chuo kipya cha udaktari wa mifugo mjini Imabari, kilichoidhinishwa kupitia kanda za aina mpya zilizoanzishwa kwa sheria ya 2013, kwa sababu taasisi iliyonufaika iliongozwa na rafiki wa Waziri Mkuu Shinzo Abe, aliyekana kuingilia uamuzi huo. Kwa hiyo kila ombi la kaunti, pamoja na sababu za kulikubali au kulikataa, lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla kanuni yoyote haijalegezwa.