Smuthi ya Machungwa Nyumbani: Toa Mbegu, Usitupe Makapi

Machungwa ya Muheza yanapoanza kushushwa sokoni kwa wingi katikati ya mwaka, bei hupungua kiasi kwamba hata kaya yenye kipato kidogo inaweza kumudu fungu moja kwa siku, na ndicho kipindi ambacho sisi tunaofanya kazi ya elimu ya lishe huulizwa sana kuhusu juisi na smuthi, yaani kinywaji cha tunda lililosagwa bila kuchujwa. Wengi hutaka kujua ni tunda gani la kuongeza, au ni blenda ya aina gani ya kununua. Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu kinachotenganisha kinywaji chenye manufaa na kile kisichopishana sana na soda ni vitu viwili vya kawaida vilivyomo katika kila jiko, yaani chujio na kopo la sukari.

Tazama jinsi chungwa linavyoliwa mitaani kwetu. Mchuuzi hulizungusha mkononi huku kisu kikitoa ganda la kijani kwa utepe mmoja mwembamba, akiacha ile ngozi nyeupe imelizunguka. Kisha hulikata juu, na mteja hulifyonza mpaka maji yaishe, halafu hutupa kilichobaki. Kilichotupwa ndicho chenye karibu makapimlo yote, yaani zile nyuzinyuzi ambazo mwili hauzimeng'enyi lakini unazihitaji sana. Katika gramu 100 za nyama ya chungwa kuna makapimlo kiasi cha gramu 2.4, ilhali katika gramu 100 za juisi iliyochujwa hubaki takribani gramu 0.2 tu. Anayepitisha juisi yake kwenye chujio jikoni anafanya jambo lile lile analolifanya anayefyonza chungwa kituo cha basi, ila kwa vyombo vizuri zaidi.

Sehemu kubwa ya makapimlo ya chungwa ni pektini, ambayo hufyonza maji na kuwa kama ute mzito tumboni. Ute huo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, humfanya mtu ahisi ameshiba kwa muda mrefu zaidi, na husaidia kulainisha choo. Blenda huyakata makapimlo haya vipande vidogo lakini haiyaondoi, na hapo ndipo smuthi inapoishinda juisi. Hata hivyo, ni lazima nikiri upande wa pili: chungwa la kutafuna bado ni bora kuliko smuthi, kwa kuwa mtu hutumia dakika kadhaa kula machungwa mawili, lakini anaweza kuyanywa kwa sekunde chache na bado akatafuta kitu cha kula. Ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza huwashauri wananchi wao wasizidishe mililita 150 za juisi na smuthi kwa jumla katika siku moja. Kwa maoni yangu, smuthi inamfaa zaidi mzee ambaye meno yamepungua, mgonjwa anayepata nafuu na hana hamu ya chakula, mtoto anayekataa matunda, na yule ambaye bila smuthi angekunywa soda.

Sukari inahitaji kuzungumzwa kwa takwimu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi kama ingeshuka chini ya asilimia 5, kiwango ambacho kwa mtu mzima ni kama gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Sukari huru ni ile tunayoiongeza wenyewe, pamoja na iliyomo katika asali, sharubati na juisi za matunda. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa iliyochujwa, bila kuongezwa chochote, ina sukari ya gramu 21 hivi. Mpishi akiongeza vijiko viwili vya chai, kinywaji kinafikia gramu 29, na chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi. Asali haibadilishi hesabu hiyo, ingawa wengi huiona kama dawa, na wala sukari guru haiibadilishi.

Utamu unaohitajika katika smuthi utoke kwenye tunda lenyewe, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa machungwa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wapo wanaoyakwepa machungwa ya kijani kwa kuamini kuwa hayajaiva, wakanunua yale yenye rangi ya kung'aa yaliyoletwa kutoka Misri au Afrika Kusini kwa bei kubwa zaidi. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, na katika maeneo ya joto kama pwani yetu tunda linaweza kuiva kabisa ndani huku ganda likibaki kijani. Kipimo kizuri ni uzito: chukua machungwa mawili ya ukubwa unaolingana, uyapime mkononi, uchague lililo zito, kwa kuwa ndilo lenye maji mengi. Ganda liwe laini kiasi na lisiwe na sehemu zilizobonyea. Chenza huongeza utamu na harufu nzuri, ndimu na limau huongeza ukali unaoamsha ladha na hutosha kwa kijiko kimoja cha chai, nalo danzi ni kali na chungu mno kwa kazi hii isipokuwa kwa aliyelizoea. Balungi linafaa, lakini lina tahadhari yake ambayo nitaieleza mwishoni.

Kwa glasi mbili za kawaida, andaa machungwa mawili ya wastani, ndizi mbivu moja ndogo au kiasi kama hicho cha embe bivu, nusu kikombe cha mtindi usiotiwa sukari, kipande cha tangawizi kisichozidi ncha ya kidole gumba, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Osha machungwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyamenya, hata kama ganda utalitupa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani ya nyama. Menya ganda la rangi lote, kisha punguza ile ngozi nyeupe bila kuimaliza. Tabaka jembamba likibaki linaongeza pektini, lakini likiwa nene linaleta uchungu.

Sasa likate chungwa kwa upana, yaani katikati kati ya kikonyo na kitako, wala si kutoka juu kwenda chini. Likikatwa hivyo, vyumba vyote vya chungwa huonekana kama miale inayotoka katikati, na mbegu hujitokeza karibu na kiini, ambapo unaweza kuzichokoa moja moja kwa ncha ya kisu. Kazi hii ya dakika moja haifai kurukwa. Mbegu zikisagwa hutoa kemikali iitwayo limonini, ambayo ni chungu sana hata ikiwa kidogo. Tena, nyama ya chungwa na ngozi yake nyeupe zina kiambata ambacho mwanzoni hakina uchungu, lakini seli zikishapasuliwa na kukutana na tindikali ya tunda, hugeuka taratibu kuwa limonini hiyo hiyo. Ndiyo sababu smuthi iliyokuwa tamu saa mbili asubuhi inaweza kuwa chungu jioni ingawa ilikaa kwenye friji na haijaharibika. Wengi hapo huongeza sukari, ilhali dawa yake ni kutoa mbegu, kupunguza ngozi nyeupe na kutengeneza kiasi kitakachonyweka wakati huo huo.

Tia mtindi kwanza ili visu vizunguke kwa urahisi, kisha machungwa, ndizi na tangawizi, usage kwa nusu dakika hadi dakika moja. Onja ndipo uongeze ndimu. Kwa vipimo hivi, kila glasi itakuwa na makapimlo ya gramu 4 hivi, vitamini C ya miligramu 70 au zaidi kidogo, na nishati ya kilokalori zinazokaribia 150. Ikiwa bado unaiona kali, punguza ndimu au chagua ndizi iliyoiva hadi ganda likaanza kuwa na madoadoa meusi. Asiye na blenda, au aliyekatiwa umeme, anaweza kuiponda ndizi kwa uma, kukatakata nyama ya chungwa vipande vidogo sana, na kuvikoroga pamoja na mtindi; kinywaji kitakuwa na mabonge, na mabonge hayo hayana ubaya wowote.

Nimetaja mtindi badala ya maziwa mabichi au ya kuchemsha kwa sababu maalumu. Protini ya maziwa iitwayo kaseini huganda pale tindikali inapofikia kiwango fulani, na machungwa, achilia mbali ndimu, yana tindikali ya kutosha kufanya hivyo. Maziwa yatakatika mbele ya macho yako na kuwa vipande vipande vinavyoelea kwenye maji. Mtindi umeshapitia hatua hiyo, hivyo hutulia. Anayependa kuongeza papai naye afahamu kuwa papai, hasa lisiloiva vizuri, lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini za maziwa, na mchanganyiko wake na mtindi huwa mchungu ukikaa.

Kuhusu vitamini C, hakuna haja ya kujaza machungwa matano kwenye blenda. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo hupendekeza kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku, na chungwa moja la wastani linatoa takribani 70. Ziada kubwa hutoka kwenye mkojo. Madai kwamba limau husafisha damu, hukata mafuta ya tumbo au huondoa sumu mwilini hayana msingi, kwani kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo. Nayo mafua hayazuiliki kwa watu wa kawaida kwa kunywa vitamini C, ingawa wanaoipata kwa wingi kila siku huugua kwa muda mfupi kidogo.

Faida kubwa zaidi ya vitamini C kwa mazingira yetu haizungumzwi vya kutosha, nayo inahusu damu. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini mojawapo ni kwamba madini ya chuma tunayoyapata yanatoka zaidi kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huo huo, ufyonzwaji huongezeka. Chai ya rangi ikiwepo, hupungua. Kwa hiyo glasi ya smuthi ya chungwa pamoja na ugali na maharage ina thamani kubwa kuliko glasi ile ile ikinywewa peke yake saa kumi jioni. Kwa lengo hili acha mtindi, kwa kuwa kalisi ya maziwa nayo huzuia chuma kiasi, tumia maji safi badala yake, na chai isogezwe mbele angalau kwa saa moja baada ya mlo.

Maji hayo, pamoja na yale ya kutengenezea barafu, yachemshwe mpaka yatokote au yatibiwe. Barafu haiui vijidudu, na ukali wa ndimu hauwezi kutegemewa kuua vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Fungua pia sehemu ya chini ya jagi la blenda kila unapomaliza, kwa sababu chini ya visu kuna mpira ambao mabaki ya tunda hujificha na kuchacha hata jagi likionekana safi. Smuthi itakayobaki ikae kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko na inywewe siku hiyo hiyo.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee, na asali asipewe mtoto yeyote ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mwenye kisukari anaweza kutumia nusu glasi pamoja na chakula, akipima sukari yake kama kawaida ili aone mwili unavyoipokea. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa machungwa na ndizi zote zina madini hayo kwa wingi. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara huenda akaona hali inazidi. Kwa kila mtu, tindikali hulainisha tabaka la nje la meno kwa muda. Sukutua kwa maji ukimaliza, na subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Tahadhari ya balungi niliyoiahidi inahusu dawa. Balungi huzuia kimeng'enya kilichomo kwenye utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, na kimeng'enya kikizuiwa, dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa huingia mwilini. Miongoni mwa dawa zinazoathirika ni simvastatini, inayotumika kupunguza kolesteroli, na felodipini na nifedipini, zinazotumika kwa shinikizo la damu. Kuacha saa chache kati ya tunda na kidonge hakusaidii, kwa sababu athari hiyo inaweza kudumu kwa siku nzima au zaidi. Danzi lina tabia kama hiyo. Chungwa tamu la kawaida halina. Anayetumia dawa yoyote ya kila siku amuulize mfamasia kabla ya kutia balungi kwenye blenda, na wakati akisubiri jibu atumie machungwa.