Magnus Norman na wapigaji wake wawili

Mimi ni kocha wa tenisi, na mechi ninayopenda kuwaonyesha vijana wangu ni ya Roland Garros, mashindano ya Ufaransa yanayochezwa Paris kwenye udongo, raundi ya nne, 31 Mei 2009. Rafael Nadal alikuwa amecheza pale mechi 31 na kushinda zote 31. Robin Söderling wa Sweden alikuwa ametoka kunyukwa naye Roma, 6-1, 6-0, wiki chache tu nyuma. Safari hii Söderling akashinda seti tatu kwa moja.

Itazame bekhendi yake, pigo la upande wa pili wa mkono ulioshika raketi. Mpira wa Nadal ulikuja na mzunguko mkali, ukidunda kwenye udongo ulipanda hadi begani, na wengi walirudi nyuma kuusubiri ushuke. Wakishafika huko nyuma, kwisha habari yao. Söderling, mtu wa mita 1.93, bekhendi ya mikono miwili, aliupokea hukohuko juu na kuupiga bapa, kwa nguvu zote. Nadal akakosa nafasi ya kuzunguka apige fohendi, pigo la upande wa mkono wa raketi.

Kocha wa Söderling alikuwa Magnus Norman, mzaliwa wa Filipstad. Mwaka 2000 alifika namba mbili duniani, na fainali ya uwanja huohuo wa Paris akaipoteza kwa Gustavo Kuerten baada ya kuokoa pointi 10 za mechi, yaani pointi ambazo kila moja ingemaliza mchezo. Nyonga ikamsumbua, akastaafu kabla ya kufika miaka thelathini.

Aprili 2013 akamchukua Stan Wawrinka, Mswisi wa miaka 28 ambaye hakuwa amegusa hata nusu fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Bekhendi yake ya mkono mmoja ilikuwa tayari inaogopwa. Norman hakuwa na haja ya kuigusa. Kilichobadilika, nikitazama mechi zile, ni uthubutu wa kuiachia sambamba na mstari hata pointi ikiwa ya hatari. Likaja taji la Australia 2014, Ufaransa 2015, Marekani 2016. Mawili ya mwisho alimfunga Novak Djokovic, namba moja wa dunia.

Wapo wanaosema Norman alibahatika kupata watu wenye nguvu. Nguvu walikuwa nayo tangu zamani, mbona mataji hayakuja?

ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ilipoanzisha tuzo ya kocha bora wa mwaka, 2016, ya kwanza ilikwenda kwake. Mimi ningempa tangu ile Jumapili ya Söderling.