Vina katika kitabu cha pweza: irabu moja haitoshi

Jalada linasema “hadithi ya vina kwa watoto”. Ndani mshororo (mstari wa shairi) mmoja unaishia kwa pweza, wa pili kwa papa, wa tatu kwa kasa. Yote yanaishia kwa a, basi mwandishi ameridhika.

Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa mishororo, au katikati yake. Silabi nzima: konsonanti pamoja na irabu. Irabu za Kiswahili ni 5 tu na karibu kila neno huishia kwa mojawapo; kama irabu peke yake ingetosha, hata tangazo la mnada lingekuwa shairi. Pweza ana za, papa ana pa, kasa ana sa. Hapo hakuna kina hata kimoja. Vivyo hivyo mwamba na haba: mba si ba.

Pweza na kaza ni kina halali. Lakini mtoto anayesomewa kwa sauti atashika zaidi pweza na cheza, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sikio lake lilipo. Sheria ya kale inadai silabi ya mwisho tu. Kitabu cha watoto kinanufaika irabu iliyo kabla yake ikilingana pia:

Mikono minane pweza,
Ndani ya maji acheza,
Adui akitokeza,
Wino mwingi hueneza.

Kuna vina halali lakini vya uvivu. Majini, mwambani, shimoni: -ni inabandikwa tu, na baada ya kurasa nne masikio yamechoka. Ogelea, kimbia na tua nayo yanapita kisheria, maana silabi ya mwisho ya kila moja ni a pweke, ila mlio wake ni hafifu. Kibaya zaidi ni kupindisha ukweli ili kina kipatikane: pweza akapewa mifupa, nyangumi akaitwa samaki.

Kosa la pili ni kusahau mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Ubeti wa pweza hapo juu una silabi 8 kila mshororo, kipimo kinachomtosha msomaji mdogo kwa pumzi moja. Hesabu kwa kutamka, si kwa macho: mchanga ni silabi tatu (m-cha-nga), mwamba ni mbili (mwa-mba). Mshororo wa silabi 8 ukifuatwa na wa silabi 13, kina kinachelewa kufika na anayesoma kwa sauti anajikwaa, hata silabi za mwisho zikilingana kikamilifu.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na kufunua ukurasa ni sehemu ya mdundo. Neno la kina likiwekwa upande wa pili wa karatasi, mtoto hulitamka kabla halijaonekana. Irabu tupu haimpi cha kubahatisha: a inaweza kuwa neno lolote.

Hadithi isiyo na vina si hadithi mbaya. Shairi lisilofuata vina linaitwa masivina, na lililokusudia vina na mizani likavikosa linaitwa guni. Kwa kitabu cha pweza, papa na kasa, jaladani “hadithi ya bahari” ingetosha.