Kumalizia makali ya wembe wa kukunja: maana yake na namna ya kuchagua njia

Kumalizia makali ni hatua ya mwisho ya kunoa wembe wa kukunja, inayokuja baada ya makali kupatikana na kabla wembe haujagusa shavu. Hapa huondoi tena chuma kingi. Unafuta mikwaruzo iliyoachwa na jiwe lililotangulia na unaamua ncha ya makali iwe ya namna gani: tulivu au ya kuuma, iliyonyooka au yenye kaduara kadogo pembeni.

Wanaorudi kwenye nyembe hizi, wengine wamerithi za babu zao na wengine wameagiza mtandaoni, karibu wote huanza na swali moja: jiwe gani linatoa makali kuliko yote? Swali hilo linawapoteza. Njia ya kumalizia huchaguliwa kwa kuangalia ngozi itakayopitiwa, ndevu zilivyo, na kama wewe mwenyewe utaweza kurudia kazi ile ile kila makali yakichoka. Ukali wenyewe njia zote zinautoa.

Ipo kazi ambayo lazima iwe imekwisha kabla ya hapo. Wembe wa kukunja hulazwa juu ya kinoo mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, hivyo pembe inaamuliwa na unene wa mgongo wala si ufundi wa mkono. Wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi. Mawe hupewa namba: namba ikiwa kubwa, punje zake ni laini zaidi. Jiwe namba 1000 ndilo linalokutanisha pande mbili za makali. Namba 4000 au 5000, kisha 8000, hupunguza mikwaruzo. Kama pande hizo hazikukutana kwenye namba 1000, hata ununue jiwe la bei gani la kumalizia umepoteza hela. Rangi hainyooshi ukuta uliopinda.

Kulijua hilo ni rahisi. Paka makali wino wa makapeni pande zote mbili, pitisha wembe mara moja tu kwenye jiwe laini, halafu angalia. Wino ukibaki kwenye mstari mwembamba kabisa wa mwisho, jiwe halijafika kwenye ncha. Au toka nje saa nne asubuhi, jua la Dodoma likiwa limeshapanda, elekeza makali juu kama unayatazama usoni na uyageuzegeuze taratibu. Makali yaliyokamilika hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Mahali butu panametameta kama uzi mweupe. Ukiuona uzi huo, rudi kwenye namba 1000, usiendelee mbele.

Sasa njia zenyewe. Kuna vinoo vya kiwandani vya namba 10000, 12000 na kuendelea. Kuna mawe ya asili. Kuna filamu za kunolea, karatasi za plastiki zilizopakwa punje za mikroni 1 au 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Na kuna pesti, yaani mchanganyiko wa punje laini za kunolea, inayopakwa kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe au ubao laini. Orodha hiyo ni ndefu, lakini kinachozitenganisha ni jambo moja: makali yanatangulia au yanafuata.

Kwenye jiwe na kwenye filamu makali yanatangulia, wembe unakwenda kama unataka kukata kipande chembamba cha jiwe. Uso ni mgumu, haubonyei, kwa hiyo pande za makali zinabaki bapa mpaka mwisho na ncha ni mahali zinapokutana. Kwenye ukanda wa ngozi unageuza: mgongo unatangulia, makali yanaburutwa nyuma, kwa sababu ukienda kinyume utaikata ngozi. Na ngozi inabonyea. Wembe ukipita, ngozi inapanda kidogo nyuma ya makali na kuikumbatia ncha, na ile pesti inakula chuma pale pale mwishoni. Ndiyo maana pesti ina haraka: mapito kumi au kumi na tano yanatosha kuubadilisha wembe uliokuwa unavuta ndevu ukawa unateleza. Ndiyo maana pia pesti ina deni. Kila ukirudia, ncha inazidi kuviringika, hadi siku moja mapito thelathini hayaleti kitu na inabidi urudi kwenye jiwe.

Pesti inayosifiwa zaidi ni ya kijani, kromiamu oksaidi yenye punje za mikroni 0.5. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 100, kwa hiyo hapa tunazungumzia punje ndogo mara mia na zaidi kuliko unywele. Ila tahadhari: kipande cha nta ya kijani cha kung'arishia vyuma kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi kimechanganywa na punje nyingine kubwa zaidi. Kinang'arisha bomba vizuri sana. Kwa wembe, sikishauri. Pesti ya almasi ya mikroni 0.25 inakata kwa kasi kuliko ya kijani, na makali yake kwa wengi yana ukali wa kuchonyota. Shavu linatoka safi, lakini ukipaka maji baada ya hapo utajua.

Mawe ya asili yana tabia tofauti, na hapa ndipo wapenzi wa nyembe wanapogombana. Jiwe la manjano linaloitwa Coticule, linalochimbwa kwenye milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, limejaa punje za madini ya ganeti. Punje hizo ni kubwa ukizipima, lakini zina pembe butu, haziachi mitaro mirefu kwenye chuma. Ukilisugua kwa kijiwe kidogo likatoa uji, linakata haraka. Ukiusafisha uji ukabaki na maji matupu, linakata polepole mno, na huko ndiko kumalizia kwenyewe. Makali yake yana sifa ya upole: yanakata ndevu bila kuichokoza ngozi. Jiwe la Arkansas kutoka Marekani ni gumu zaidi, hutumiwa na mafuta au maji ya sabuni, na linadai subira kubwa. Mapito mia moja juu yake si kitu cha ajabu. Ubaya wa mawe ya asili ni kwamba mawe mawili kutoka machimbo yale yale hayafanani. Jiwe la kiwandani namba 12000 la leo ni sawa na la mwaka kesho. Kwa anayejifunza, hilo lina thamani kubwa kuliko sifa za jiwe la milimani.

Filamu inadharauliwa bure. Nenda kwa fundi wa vioo, mwombe kipande chakavu cha kioo cha milimita 8 au 10, akusagie kingo zisikukate. Lowesha kioo, bandika filamu, ifute kwa kiganja mpaka mapovu yote yatoke. Una uso ulionyooka ambao hautahitaji kusawazishwa kamwe, na filamu ikichakaa unabadilisha. Kipovu kimoja kikibaki, makali yatapanda juu yake na kuikwangua filamu, kwa hiyo usiwe na haraka hapo.

Halafu kuna ngozi zetu. Ndevu za wengi wetu zinajikunja tangu ndani ya ngozi. Zikikatwa karibu mno, kipande kilichobaki hurudi chini ya ngozi, kikianza kuota kinachoma pembeni na kuleta vile vipele vya shingoni ambavyo kila kinyozi anavijua. Kwa mtu wa namna hii makali yanayokata chini kabisa ya ngozi ni hasara. Anahitaji makali yanayokata bila kuvuta, kwa pito moja kufuata ndevu zinakoelekea. Hapo mimi huchagua jiwe au filamu ya mikroni 1, kisha ukanda wa ngozi usio na chochote, na almasi naiweka mbali. Mwenye ndevu ngumu zilizonyooka na ngozi isiyolalamika anaweza kwenda na pesti bila wasiwasi.

Kile kipimo maarufu cha kushika unywele hewani na kuuona ukikatika ukigusa makali, kwa nywele za kipilipili kisikusumbue. Unywele uliojikunja hausimami, unaupisha wembe. Waliokieneza walikuwa na nywele ndefu zilizonyooka. Kipimo cha kweli ni chini ya taya, pale ndevu zinapobadilisha uelekeo.

Dodoma inaongeza masharti yake. La kwanza ni vumbi. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo haupumziki, na punje moja ya mchanga ikitua kwenye jiwe la namba 12000 au kwenye ngozi yenye pesti inaweza kuchana makali yaliyokugharimu saa nzima. Malizia ndani, dirisha limefungwa, jiwe limesuuzwa dakika hiyo hiyo. Ukanda uviringishe kwenye kitambaa safi, usiuache ukining'inia msumarini. La pili ni maji. Maji ya visima vya Makutupora yana chumvichumvi, kila mwenye birika anaiona ile gamba nyeupe chini. Tone likikauka juu ya wembe linaacha doa gumu, hivyo futa kabla halijakauka na umalizie na tone la mafuta. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kabisa kwa kumalizia, tatizo ni kwamba mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili. La tatu linatupendelea: hewa ni kavu, wembe wa chuma cha kaboni haushiki kutu haraka. Upeleke wembe huo huo Tanga bila mafuta uone.

Kuhusu ngozi ya kupitishia hatuna shida, mkoa huu ni wa ng'ombe na mbuzi, na fundi viatu mzuri atakukatia ukanda wa ngozi ya ng'ombe wenye upana wa sentimita 7. Ukavu unaufanya upasuke, upake mafuta kidogo sana mara mojamoja. Ubao laini wa balsa, ambao wazungu huupaka pesti, hapa haupatikani, lakini mlingoti wa mkonge uliokauka, ule unaobaki baada ya maua, ni mwepesi na laini, na milingoti ya jamii hiyo ya mimea imetumika kupitishia nyembe tangu zamani. Ukate, uunyooshe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, upake pesti kidogo kama unapaka mafuta midomoni.

Nyembe hizi ni za mtu mmoja. Kunoa hakuui virusi vya UKIMWI wala vya homa ya ini, na kinyozi anayefungua kiwembe kipya mbele ya kila mteja yuko sahihi kabisa.

Kwa nini makali huchoka hata yakimaliziwa vizuri? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kwenye jarida la Science kwamba unywele, ulio laini mara kama 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kung'oa vipande vidogo vya makali pale unapopinda na kukutana na wembe kwa pembe mbaya. Kwa hiyo lowesha ndevu kwa maji ya moto mpaka zilainike, makali yatadumu.

Ratiba ninayoipendekeza kwa anayeanza ni hii: jiwe la 8000, filamu ya mikroni 1 juu ya kioo, uzito wa wembe peke yake bila kukandamiza, kisha mapito 20 hadi 30 kwenye kitambaa kigumu na 50 kwenye ngozi tupu. Nyoa hivyo mara kadhaa mpaka uijue ladha ya makali hayo. Wembe ukianza kuvuta, pesti ya kijani mapito kumi. Ukivuta tena baada ya siku chache tu, achana na pesti, rudisha wembe kwenye filamu.