Flanders: kaunti iliyorithiwa kwa mabinti

Ukiisoma orodha ya watawala wa Flanders wa zama za kati, utakutana na wanaume karibu watupu: Baudouin, Arnoul, Robert, Charles, Thierry, Philippe, Guy, Louis. Wenye jina la Baudouin peke yao ni tisa. Orodha hiyo inamfanya msomaji adhani utawala ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana bila tabu. Haikuwa hivyo. Mara kwa mara mtawala alikufa bila mtoto wa kiume, au akauawa, na kila nasaba ilipokatika aliyeiunga alikuwa mwanamke. Sisi tunaofundisha historia hii huanza na wanawake hao, maana bila wao orodha yenyewe haieleweki.

Kwanza tuijue nchi. Flanders haikuwa kaunti ya gavana wa kuchaguliwa kama zile 47 za Kenya. Ilikuwa milki ya ukoo, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji, na vipande vingine viko Ufaransa na Uholanzi. Mtawala wake alimwapia utii mfalme wa Ufaransa, lakini riziki ya miji yake ilitegemea Uingereza, kwa sababu wafumaji wa Gent, Brugge na Ieper walitumia sufu ya kondoo wa Kiingereza. Ugomvi wowote kati ya wafalme hao wawili ulimbana yeye katikati.

Ukoo ulianza na binti aliyetoroka. Judith, mtoto wa mfalme Charles wa Pili wa Ufaransa, aliolewa mwaka 856, akiwa msichana mdogo, na Æthelwulf, mfalme mtu mzima wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza. Mume akafa mwaka 858, naye akaolewa na mwana wa marehemu, Æthelbald, jambo lililowachukiza sana maaskofu. Huyo naye akafa mwaka 860. Judith akarudi Ufaransa, baba yake akamweka chini ya ulinzi huko Senlis. Hapo akatoroka na Baudouin, ofisa wa mfalme, huku kaka yake mwenyewe akiwasaidia. Mfalme aliwaka hasira na maaskofu wakawatenga wapenzi hao na Kanisa. Wao wakaenda Roma kumwomba Papa Nikolasi wa Kwanza awatetee. Papa alimwandikia mfalme asamehe, akimwonya kwamba Baudouin akikata tamaa angeweza kujiunga na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini. Mfalme akakubali, ndoa ikafungwa, na mkwe akapewa ardhi iliyokuja kuwa Flanders. Mwana wao, Baudouin wa Pili, alimwoa Ælfthryth, binti wa Alfred wa Wessex. Urafiki na Uingereza ulianzia nyumbani kabla ya kufika sokoni.

Karne mbili baadaye Richilde wa Hainaut, kaunti jirani, mjane wa Baudouin wa Sita, alishika utawala kwa niaba ya mwanawe Arnoul. Baba mdogo wa kijana, Robert, akaudai urithi. Walipambana Cassel mwezi Februari 1071. Arnoul aliuawa, na Robert akatwaa Flanders. Richilde alibaki na Hainaut, akamtunzia mwanawe wa pili.

Robert huyo alipata mabinti ambao watoto wao walikuja kutawala. Mmoja, Adela, aliolewa na Knut wa Nne, mfalme wa Denmark, aliyeuawa kanisani Odense mwaka 1086. Mtoto wao Charles alilelewa Flanders akawa mtawala, na tarehe 2 Machi 1127 naye akauawa kanisani, mjini Brugge, akiwa anasali. Wauaji walikuwa ukoo wa Erembald, watu wenye vyeo vikubwa ambao Charles alitaka kuthibitisha kwamba asili yao ni watumwa wa ardhi. Karani mmoja wa Brugge, Galbert, aliandika matukio siku baada ya siku, na maandishi yake ni hazina: tunaona ngome ikizingirwa na wauaji wakirushwa kutoka juu ya mnara. Mfalme wa Ufaransa alimsimika William Clito, lakini miji ikamkataa kwa kuvunja ahadi alizoipa. Alikufa vitani mwaka 1128, na nafasi ikaenda kwa Thierry wa Alsace. Haki yake ilitoka wapi? Kwa mama yake, Gertrude, binti mwingine wa Robert.

Mwana wa Thierry, Philippe, alikufa Akka, mji wa pwani ya Palestina, mwaka 1191 kwenye Vita vya Msalaba, bila mtoto halali. Dada yake Marguerite akarithi, na kwa kuwa mumewe alitawala Hainaut, kaunti hizo mbili zikaungana tena. Mtoto wao Baudouin wa Tisa naye alikwenda vitani, na mwaka 1204, baada ya wapiganaji wa Msalaba kuuteka Constantinople (leo Istanbul), akavikwa taji la kaisari. Mwaka uliofuata Wabulgaria walimkamata, hakuonekana tena. Nyumbani aliacha mabinti wawili wadogo, Jeanne na Marguerite.

Kwa maoni yangu Jeanne ndiye mtawala aliyepitia majaribu mazito kuliko wote. Aliozwa kwa Ferrand wa Ureno mwaka 1212. Miaka miwili baadaye mume akatekwa katika vita vya Bouvines, akafungwa Paris hadi mwaka 1227, na mke akatawala peke yake. Mwaka 1225 akatokea mtawa mmoja aliyejidai kuwa ndiye kaisari Baudouin, amerudi. Miji ilimpokea kwa shangwe, na Jeanne ikambidi akimbie. Mfalme wa Ufaransa alipomhoji mtu huyo kuhusu mambo ambayo Baudouin halisi asingeweza kuyasahau, alishindwa kujibu, na mwishowe akanyongwa.

Mdogo wake, Marguerite, alirithi mwaka 1244 akiwa na watoto wa ndoa mbili zinazochukiana. Mume wa kwanza, Bouchard wa Avesnes, alikuwa na daraja la Kanisa lililomkataza kuoa, hivyo ndoa ilibatilishwa. Wa pili alikuwa Guillaume wa Dampierre. Mwaka 1246 mfalme Louis wa Tisa aliamua: Hainaut iwe ya Avesnes, Flanders iwe ya Dampierre. Guy wa Dampierre, mwana wa Marguerite, ndiye aliyekuwa kifungoni Ufaransa wakati askari wa miguu wa miji ya Flanders walipowashinda wapanda farasi wa mfalme huko Kortrijk, tarehe 11 Julai 1302. Siku hiyo bado ni sikukuu ya Flanders.

Wa mwisho wa Dampierre alikuwa binti pia, Marguerite wa Male. Aliolewa na mtawala wa Burgundy, milki ya mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1369, na alipomrithi baba yake mwaka 1384 Flanders ikaingia Burgundy. Kitukuu wa mwanawe, Marie, aliolewa na Maximilian wa Habsburg mwaka 1477, na Flanders ikahamia tena kwa ukoo mwingine.

Cheo kilibaki kama jina tu. Mwaka 1840 mfalme wa Ubelgiji alimpa mwanawe Philippe, na mtoto wa Philippe, Albert wa Kwanza, ndiye aliyepewa heshima ya jina la Albertville, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika ambao leo unaitwa Kalemie.