Miezi mitano njiani, chakula cha siku tano mgongoni

Swali limenifikia tena wiki hii, kwa maneno yaleyale: "Safari yangu ya kutembea kwa miguu ni ya miezi mitano. Ninunue shanta la lita 80, au nijihakikishie tu na la 90?" Aliyeuliza ni mtu makini. Amelinganisha vitambaa, zipu na vifungo, ameandika jedwali. Lakini ameanzia mwisho, na ameanza na imani ambayo nimechoka kuikuta: kwamba safari ikiwa ndefu, mzigo nao lazima uwe mkubwa.

Mzigo haujui umetembea kwa muda gani tangu uanze. Unachojua ni siku ngapi zimebaki mpaka utakapopata chakula kingine.

Chukua njia ya Appalachian huko Marekani, yenye takribani kilomita 3,500, au ile ya Pacific Crest inayopita 4,200. Wanaozimaliza kwa msimu mmoja hutembea miezi minne, mitano, hata sita, na hakuna anayebeba chakula cha miezi minne. Wanashuka kwenye makazi kila baada ya siku tatu hadi saba, wananunua, wanarudi njiani. Mtu mzima anayetembea kutwa anahitaji karibu gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo pengo la siku tano ni kilo nne hivi. Hii ina maana kwamba anayetembea miezi mitano na anayetembea siku sita, katika milima ileile na majira yaleyale, wanabeba karibu kitu kimoja: hema lilelile, jiko lilelile, nguo zilezile. Suruali nne hazihitajiki eti kwa sababu wiki ni ishirini. Utafua. Viatu vyepesi vya njia za milimani huchakaa baada ya kilomita 500 hadi 800, lakini jozi ya pili haikai mgongoni. Inanunuliwa mbele ya safari au inatumwa ikusubiri. Gesi vilevile. Nguo za sehemu zenye theluji hutangulizwa, na zikimaliza kazi zinarudishwa nyumbani.

Kama pengo lako refu kuliko yote ni siku kumi, au kuna jangwa la siku mbili bila tone la maji, hesabu inabadilika na tutaifanya upya. Ila ianzie kwenye ramani na umbali kati ya vituo. Idadi ya miezi iache pembeni.

Kwa hiyo shanta hununuliwa mwisho. Najua ndicho kifaa kinachopendeza zaidi kununua. Kwanza kusanya vyote vitakavyoingia ndani, pamoja na chakula cha lile pengo refu, uvipange kwenye boksi la karatasi ngumu. Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000. Hizo ndizo lita zako. Kwa hali ya hewa isiyo ya barafu, wengi ninaowaandaa huangukia kati ya 45 na 60. Lita 30 za ziada hazitabaki tupu hata siku moja, maana usiku wa mwisho kabla ya kuondoka mtu akiona nafasi huijaza. Na shanta la lita 90 lenyewe huweza kufika kilo mbili na nusu au tatu kabla hujatia hata soksi.

Hofu ndiyo inayojaza hizo lita. Napekua mizigo ya watu, ndiyo kazi yangu, na nakuta visu vitatu, kamba ya kufungia ng'ombe, sufuria mbili za mtu mmoja, taulo la kuogea. Kwa kila kitu nauliza swali moja: kikikosekana, nini kitakupata usiku ule? Kama jibu ni kuumia au kufa kwa baridi, kinabaki na hatujadili: koti la mvua, vazi la joto lililo kavu, taa ya kichwani, njia ya kusafisha maji, ramani, dawa zako. Kama jibu ni kukereka kidogo, kinatoka. Mizani ya jikoni husaidia sana hapa, kwa kuwa mtu akiona kwa macho yake kwamba "vitu vidogovidogo" vyake vina kilo mbili na robo, mabishano huisha.

Mwaka 1955 mwanamke mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, aliitembea njia yote ya Appalachian peke yake akiwa na umri wa miaka 67. Alibeba mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua, miguuni akiwa na raba za turubai. Simtaji ili uige pazia. Namtaja kwa sababu kila ninayemwambia apunguze mzigo hunijibu kwamba zamani watu walibeba mizigo mizito na wakafika. Wengine walibeba mfuko begani, na wakafika pia.

Lakini kuna upande wa pili, na nao unanikera kwa kiwango kilekile: watu waliofanya wepesi kuwa dini. Wanakata mpini wa mswaki, kisha wanaacha koti la mvua nyumbani. Wananunua shanta lisilo na fremu, yaani kiunzi kigumu cha mgongoni, kwa sababu linaokoa karibu kilo moja, na kwa mzigo wa kilo 8 au 9 ni kweli linapendeza kubeba. Mpe huyohuyo siku ya kwanza ya pengo refu, chakula cha siku sita na lita nne za maji. Tayari kafika kilo 14 au 15. Shanta linajikunja katikati, mkanda wa kiunoni unaning'inia bila kazi, na uzito wote unahamia mabegani. Ameokoa kilo moja kwenye mizani na kuipoteza mara tatu mwilini. Fremu ipo ili kuushusha uzito kutoka juu mpaka kwenye nyonga. Ukiiondoa, hakikisha kwanza umeondoa mzigo uliokuwa unaihitaji. Namba ninayoiamini ni uzito wa siku mbaya kuliko zote, yaani asubuhi ya kutoka kwenye kituo, chakula kimejaa na maji yamejaa. Uzito wa vifaa peke yake ni wa kutambia.

Tukishajua uzito, ndipo tunapima mgongo. Tafadhali, urefu wako si urefu wa mgongo wako. Nimewapimia watu wawili wa kimo kimoja, mmoja akahitaji saizi ndogo na mwingine kubwa, kwa kuwa mmoja urefu wake uko miguuni. Inamisha kichwa, tafuta mfupa unaotokeza chini ya shingo. Kisha weka mikono kiunoni, vidole gumba nyuma, ubonyeze mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Mtu mwingine apitishe futikamba kutoka mfupa ule wa shingo hadi kwenye mstari kati ya vidole gumba vyako, akifuata mkunjo wa uti wa mgongo. Hicho ndicho kipimo. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya ukingo huo wa nyonga; wengi huufunga tumboni, kwenye nyama, halafu wanalalamika kwamba unateleza.

Kulivaa kuna utaratibu wake. Legeza kamba zote. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, ukaze. Halafu mikanda ya mabegani, kiasi cha kugusa tu. Halafu vile vikamba vidogo vya juu ya mabega, vinavyotakiwa kupanda kuelekea kwenye shanta kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kamba ya kifuani mwisho, na isikubane pumzi. Anayeanza na mabega atakuwa amelitundika shanta juu, na mkanda wa kiunoni hautabeba kitu.

Viatu navipitia haraka. Gramu moja mguuni hugharimu nguvu mara nne hadi sita ya gramu hiyohiyo mgongoni. Jambo hili lilishapimwa kwa askari, halina ubishi tena. Kama mzigo wako ni wa wastani na kifundo cha mguu ni kizima, buti zito halikusaidii kiasi unachodhani.

Kulala kunahitaji maneno zaidi. Watu hununua begi la kulalia la manyoya ya bata lenye uwezo wa kutisha, kisha chini wanaweka kijigodoro cha kubahatisha. Manyoya hukinga baridi kwa sababu yamevimba na kushika hewa. Ukiyalalia, unaikamua ile hewa, na upande wa chini unabaki na vitambaa viwili tu. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, hata begi liwe zuri namna gani. Kinachokukinga na ardhi ni godoro, na uwezo wake wa kuzuia joto lisipotee huandikwa kwa herufi R. Povu la kawaida lina R ya karibu 2. Usiku wa kuganda unataka 4 au zaidi. Habari njema ni kwamba namba hizi hujumlishwa: povu la 2 chini ya godoro la upepo la 3 hukupa 5. Isitoshe, zile nyuzijoto zilizochapwa kwenye begi la kulalia kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 hupatikana kwa kulaza sanamu lenye umbo la mtu, linalopashwa joto, juu ya godoro. Ukilalia ardhi, namba hiyo si yako tena. Na soma namba iliyo sahihi: ya "starehe" ndiyo ya kupangia safari. Ile ya chini kabisa inazungumzia kunusurika, usiipangie kitu.

Kupakia hakuna siri kubwa. Begi la kulalia na nguo za usiku chini, vitu vizito katikati vikigusa mgongo, vyepesi vivizunguke, koti la mvua juu kabisa, maji kwenye mifuko ya pembeni unayoifikia bila kulivua shanta. Kinachonisumbua ni imani ya kifuniko cha mvua. Kifuniko hufunika nje, lakini mvua hutiririka shingoni na kupita kati ya mgongo wako na shanta, mahali ambapo kifuniko hakifiki, na upepo ukikichukua ndiyo basi. Mfuko mmoja mkubwa na mnene wa plastiki ndani ya shanta, ukaukunja mdomo mara tatu, huyakinga manyoya vizuri zaidi. Manyoya yakilowa hayavimbi, na yasipovimba hayana joto.

Sasa yale ambayo vitabu huyasema kwa uhakika ambao mimi sina. Kanuni ya kubeba asilimia 20 ya uzito wa mwili naitilia shaka kila mwaka zaidi. Kwa mtu wa kilo 50 ni kilo 10, kwa wa kilo 90 ni kilo 18, wakati hema na jiko havipungui uzito kwa kuwa anayevibeba ni mdogo. Na mtu akinenepa kilo 15, kanuni inamruhusu kuongeza kilo 3 mgongoni, ilhali tayari amejiongezea mzigo. Naitumia kama kengele ya tahadhari tu.

Hata mchoro wa kupakia wa vitabuni, ule wa "kizito katikati, juu kidogo", siuamini kila mahali. Uzito ukiwa juu unatembea umenyooka kwenye njia laini, lakini kwenye mawe na mteremko unakuyumbisha. Ukishuka chini unatulia, ila unakuvuta nyuma. Mimi hushusha kidogo njia inapokuwa mbaya, na wapo wenzangu wazoefu wanaofanya kinyume na hawaanguki. Na koti lisilopitisha maji, hata lile linalosifiwa kwa kupumua, kwenye mvua ya joto na mlima mkali litakulowesha kwa jasho. Bado nalibeba, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya kusimama.

Kabla ya kuondoka, jaza kila kitu, chakula na maji pamoja, utembee kutwa nzima siku mbili mfululizo. Siku moja haitoshi, kwa sababu mengi hujitokeza asubuhi ya pili, nyama zikiwa tayari zimechoka. Sikiliza panapouma. Juu ya mabega pakiwa pekundu na mkanda wa kiunoni unapanda tumboni, mgongo wa shanta ni mfupi kwako. Kukiwa na uwazi nyuma ya mabega na shanta linayumba, ni mrefu. Mbele ya bega pakivutwa, kitu kizito kiko mbali na mgongo, au vile vikamba vya juu vimelegea. Vidole vya mkono vikifa ganzi, legeza mikanda ya mabegani. Ganzi ikishika upande wa nje wa paja, mkanda wa kiunoni unabana neva inayopita mbele ya nyonga: ushushe au ulegeze kidogo kila saa, na ikiendelea ubadilishe mkanda kabla ya siku ya safari, maana ngozi huzoea kubanwa lakini neva haizoei.