Je, wajua kwa nini nyumba ya Mombasa hutulia ikishika saa ya magharibi?

"Ingieni ndani, magharibi hiyo!" Aliyelelewa Mombasa anaijua sauti hiyo. Mpira unaachwa hapo hapo, miguu inasuguliwa kwa dodoki, nguo safi zinavaliwa na poda inapakwa shingoni mpaka kifuani. Kibokoni, Majengo, Likoni, Kisauni, kote desturi ilikuwa moja na hakuna mtoto aliyeijadili. Ukiwauliza wazee sababu, watakwambia mashetani hutawanyika wakati huo, na jibu lao lina msingi wake katika dini: ipo hadithi ya Mtume katika Sahihi ya Bukhari inayoagiza watoto wazuiwe wasitoke usiku unapoingia.

Mimi nataka kueleza jambo lililofuata baada ya watoto kuingia ndani. Nyumba ilitulia. Kazi hazikuwa chache, maana mkaa bado ulipepewa, nazi bado ilikunwa, na maji yalichotwa mbali kuliko leo. Sasa tuna gesi, blenda na friji, na bado wazazi wengi watakwambia kuwa kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku nyumba haikaliki. Huyu analia, yule hataki kuoga, mkubwa hainui macho kwenye simu. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye jua. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo mchana mrefu kuliko yote ya mwaka na ule mfupi kuliko yote hapa kwetu hupishana kwa karibu nusu saa tu. Jua huzama mapema kabisa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, yapata saa 12 na dakika 12, na huchelewa kabisa katikati ya Februari, yapata saa 12 na dakika 43. Hayo ndiyo mabadiliko yote ya mwaka mzima. Anayeishi London huliona jua likizama kabla ya saa 10 jioni mwezi wa Desemba, na baada ya saa 3 usiku mwezi wa Juni. Familia ya huko haiwezi kulitegemea jua liwaambie watoto muda wa kuingia ndani. Sisi tunaweza. Tena hapa jua huteremka karibu wima kule upande wa Changamwe, na baada ya dakika 20 hivi giza limeshaingia. Hakuna machweo ya kunyemelea polepole, na adhana inayotolewa muda huo inasikika mtaa mzima, kwa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

Mwili nao una saa yake. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli za neva kama 20,000 kinachoongoza mzunguko wa takriban saa 24: lini joto la mwili lipande, lini njaa ije, lini usingizi ubishe hodi. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli, kazi waliyoifanya kwa kuwachunguza nzi wa matunda. Lakini saa hii haiendi sawasawa kabisa na jua. Kila siku inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga unaoingia machoni.

Macho si ya kuonea tu. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba ndani ya jicho kuna seli za aina nyingine, ambazo hupima mwanga na kuupelekea ubongo habari kama ni mchana au usiku. Seli hizo husisimkwa zaidi na mwanga wa buluu. Zikiupata, ubongo hushikilia kuwa bado ni mchana na kuizuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga wa chemli na ule wa balbu ya njano una buluu kidogo. Taa nyeupe za LED zilizojaa sebuleni mwetu, pamoja na skrini za simu, zina buluu nyingi. Mtoto huathirika kuliko mtu mzima, kwa sababu lenzi ya jicho lake ni safi zaidi na mboni yake hufunguka zaidi. Basi baba na mtoto wanakaa chini ya taa ile ile, baba anapiga miayo, mtoto ndiyo kwanza anapanda juu ya kochi kuruka. Tunasema ni mtundu. Mara nyingi ni mwili wake tu ambao haujaambiwa kuwa kumekuchwa.

Lipo na la kuoga. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, na usiku hushuka kwa karibu nyuzi 1. Maji ya uvuguvugu huileta damu karibu na ngozi, na mtu akishatoka bafuni joto linapotea hewani. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa ya Mombasa hujaa unyevu na jasho halikauki, kwa hiyo mwili hupata tabu kujipoza wenyewe. Kumwogesha mtoto kabla ya magharibi kunampunguzia joto la mchana kutwa na kumtenganisha na michezo. Bibi zetu hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

Mwaka 2009 mtafiti Jodi Mindell na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha akina mama 405 wenye watoto wachanga na wadogo. Baadhi yao waliombwa wafuate mpangilio mmoja kila usiku: kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta, kisha shughuli za utulivu kabla ya kuzima taa. Baada ya wiki chache watoto walilala upesi zaidi na kuamka usiku mara chache zaidi, na hali ya moyo ya akina mama wenyewe ikawa nafuu. Ni haki kusema kwamba utafiti huo ulidhaminiwa na kampuni inayouza bidhaa za watoto. Hata hivyo haukusimama peke yake. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walikuwa wamepitia tafiti za miaka 50 kuhusu taratibu na desturi za nyumbani, wakaona zinahusiana na afya ya watoto, uelewano wa wanandoa na wazazi kujiamini katika malezi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naliamini kwa dhati: nyumba hutulizwa na saa moja isiyojadiliwa. Shughuli zinaweza kubaki nyingi vile vile.

Tazama jioni isiyokuwa na saa hiyo. Nani aoge kwanza? Katuni zizimwe lini? Tule sasa au tumngoje baba? Kila swali linaamuliwa upya kila siku, na kila uamuzi ni mvutano. Jana mama alisema hapana mara tatu, ya nne akachoka akasema haya chukua. Mtoto hakulisahau hilo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kuikomesha kuliko ile inayolipwa kila mara. Ndiyo maana mtoto anayepewa simu siku nyingine na kunyimwa siku nyingine huomba kwa nguvu kuliko wote: anajua kuna siku atafaulu. Mzazi akiingia jioni kila siku kama mpatanishi, hawezi kufika saa 3 akiwa na roho yake.

Ushahidi tulionao karibu kabisa ni Ramadhani. Mwezi huo mchana ni mgumu zaidi, watu wana njaa na kiu, na kazi za jikoni zinaongezeka maradufu. Kwa hesabu ya kawaida ingetakiwa nyumba ziwe na vurugu. Lakini angalia dakika chache kabla ya adhana: barabara zimepungua watu, mkeka umetandikwa, tende na uji viko tayari, na kijana ambaye miezi mingine haonekani mpaka saa 4 usiku amekaa pale na wadogo zake. Hakuna aliyemlazimisha. Saa yenyewe haina mjadala. Watu husema Ramadhani nyumba ina baraka, na mimi nakubaliana nao. Sehemu ya baraka hiyo ni saa inayofahamika na wote, nayo haitukatazi kuitumia Shawwal na kuendelea.

Najua mengi yamebadilika. Bandari inafanya kazi usiku na mchana. Hoteli za Nyali na Bamburi zina zamu. Mtu anayefanya kazi kisiwani akiishi Likoni anategemea feri, na feri ikichelewa na chakula cha nyumbani kinachelewa. Familia nyingi zimehama nyumba za mtaani, ambako ua mmoja ulikuwa na macho ya shangazi watano, zikaingia kwenye maghorofa ambako mlango ukifungwa mama yuko peke yake. Hata kazi za shule za watoto sasa hutumwa kwenye kundi la WhatsApp jioni, na simu ambayo ingewekwa kando inakuwa daftari.

Hata hivyo nimeona nyumba moja Mishomoroni, ghorofani, ikibadilika kwa jambo dogo. Mama wa nyumba hiyo hakuanzisha ratiba ndefu ya kubandika ukutani. Alichukua kitu kimoja tu: ikisikika adhana ya magharibi, taa nyeupe ya tyubu ya sebuleni inazimwa na inabaki balbu ya njano iliyo karibu na mlango wa jikoni. Kazi ya shule inayotaka simu inamalizwa kabla ya hapo, simu ikiwa juu ya meza na mzazi akiwa pembeni, isiyomalizika inangoja alfajiri. Mkeka wa ukindu unatandikwa chini ya ile balbu, sinia moja linaletwa, ugali na mchicha wa nazi na dagaa, na wote wanakula hapo. Siku za mwanzo mtoto wa kiume aliyezoea katuni alilia, akagoma, akarudi kuiwasha tyubu kwa kutumia ufagio. Mama hakugomba wala hakujadiliana naye. Aliizima tena. Baadaye yule yule mtoto ndiye aliyekuwa akikimbilia swichi adhana inapoanza, na dada yake akimlaumu kwamba jana ilikuwa zamu yake.

Kilichosaidia hapo ni mambo mawili kwa mpigo. Buluu imepungua machoni, kwa hiyo melatonini inapata nafasi. Na anayetoa amri ni adhana, siyo mama, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Kwa familia isiyoswali, honi ya jirani anayerudi, taarifa ya habari ya redio au jua lenyewe likizama vinaweza kushika nafasi hiyo. Muhimu ni ishara itoke nje ya mzazi, na iwe ile ile kila siku.

Mchana nao una sehemu yake. Nje kwenye jua mwanga unafika makumi ya maelfu ya laksi, yaani kipimo cha mwanga, wakati sebuleni usiku ni laksi mia moja au mia mbili hivi. Mtoto aliyekaa ndani ya ghorofa mchana kutwa huwa hajapata mchana wa kutosha wala usiku wa kutosha, na saa yake inayumba. Kumpeleka ufukweni Mama Ngina saa 10 jioni akakimbie huku mkila mihogo na achari, au kumwacha acheze mpira kwenye kiwanja cha jirani, kunamsaidia kulala vizuri zaidi kuliko kumpandia sauti saa 3 usiku.

Kwa wenye zamu za usiku ushauri wangu ni tofauti. Msiilazimishe magharibi ikiwa mzazi mmoja yuko getini anaingia kazini. Chagueni saa nyingine mnayokutana kweli, hata iwe ya mahamri na mbaazi asubuhi, kisha muishike bila kuihamisha. Anayebaki na watoto jioni aendelee na taa na kuoga. Anayerudi alfajiri akute chai na watu wake.

Na mwenye kijana wa miaka 14 au 15 asishangae mambo haya yakimkataa. Mtoto akibalehe, melatonini yake huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo kumwambia alale saa 3 ni kumwamrisha usingizi ambao mwili wake haujautengeneza, ingawa bado anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Mwacheni asome kwenye taa yake ndogo ya njano, simu ilale chumba kingine, na saa ya kulala muipange naye. Sinia la magharibi tu ndilo lisiwe la kupangwa naye.